Kinu cha Shaba cha Bi Mwanakuu

Jumamosi, 2 Machi 1996

Mama mkwe anataka kuzamia. Naandika tena nisije nikadhani niliota: mama mkwe wangu, Bi Mwanakuu, mtu mzima wa miaka hamsini na minane, anataka nimvishe mtungi wa hewa nimpeleke chini ya bahari.

Nilikwenda Mji wa Kale kumwamkia kama kawaida. Kahawa, kaimati. Akaniuliza ile meli iliyozama, Fathilkheri, iko chini kiasi gani. Nikamwambia mita tisa tu, maji meupe, hata wageni wanaojifunza nawapeleka huko. Akasema: basi na mimi nipeleke.

Sababu ni kinu. Marehemu mumewe, Mzee Jamaldin, alikuwa mpishi wa Fathilkheri. Mwaka ilipozama, 1974, alikuwa amechukua kinu cha shaba cha Mama, urithi wa mamake, akatwangie bizari melini. Watu wote waliokoka, kinu hakikurudi. Mzee akaapa kimezama. Mama akaapa kiko Unguja, jikoni kwa mwanamke. Wakabishana miaka ishirini na ushei, mpaka mzee akafariki mwaka jana.

"Amezikwa sijamsadiki," akanambia. "Nataka nione kwa mato yangu."

Nikasema nitakwenda mimi nimtazamie. Akanikazia macho. Alinikubali shingo upande tangu nilipomposa bintiye Batuli — Mgiriama mzamiaji, hana hata kibanda cha duka.

"Wewe mwanamume," akasema. "Wanaume husitiriana."

Jumapili, 3 Machi

Nimemwambia Jeremy, mwenye boti na mitungi. Mkamba wa Machakos, alijifunza kuzamia jeshini, hacheki ovyo. Leo amecheka mpaka akakaa chini. Kisha akasema mteja ni mteja, ila apimwe na daktari, na afundishwe kwanza.

Batuli hacheki. Anasema mamake akikwama huko chini, na mimi nibaki huko huko.

Jumanne, 5 Machi

Kizingo, kwenye kidimbwi cha kuogelea cha rafiki yake Jeremy. Daktari kampitisha Mama — presha yake nzuri kuliko yangu. Batuli akamvisha suti ya mpira bafuni. Walikawia. Nikasikia bismillahi nyingi na msonyo mmoja. Akatoka kajifunga leso mbili juu ya suti, moja kiunoni, moja kichwani.

Taabu ya kwanza: mkono. Mzamiaji mgeni lazima ashikwe mkono, na mimi siwezi kumshika mkono mama mkwe. Tukakaa ukingoni, mimi natazama miti ya watu. Jeremy akakata shauri: kamba. Mama ashike ncha ile, mimi hii. Kama mbuzi na mwenyewe — nani mbuzi, sijui.

Taabu ya pili: kidole gumba. Chini ya maji, gumba juu maana yake "tupande". Kwa Mama ni "vizuri". Alifurahishwa na vigae vya chini, akanipa gumba. Nikampandisha. Akauliza kuna nini. Tukashuka. Gumba. Nikampandisha. Mara ya tatu akanambia, "Mkwe wangu, kwani wewe waogopa maji?"

Lakini anapumua polepole, kama mtu anayesoma uradi. Wageni wangu wa wiki jana hawamfikii.

Jumatano, 6 Machi

Leo baada ya wateja nimeshuka Fathilkheri peke yangu. Jiko la meli ni chumba kidogo upande wa nyuma, mlango umeng'oka. Nimepekua rafu za kulia, moja moja. Sufuria mbili zilizoliwa na kutu, chupa, na pweza aliyenichukia.

Hakuna kinu.

Kwa hiyo Unguja ni kweli? Nilimpenda yule mzee. Ndiye aliyemsihi Mama anipe binti.

Alhamisi, 7 Machi

Nimemwambia Batuli. Akasema kinu kinaweza kupatikana. Jioni nikamkuta nacho. Cha shaba, cha kale, kakinunua kwa wauza vitu vya zamani karibu na Ngomeni.

"Kikiwepo, Mama ataacha kumlaumu Baba," akasema. "Kisipokuwepo, atamlaumu mpaka na yeye azikwe."

Nikauliza kama kinafanana na kile. Hakikumbuki, alikuwa bado ananyonya. Kinu ni kinu, akasema.

Sasa kimelala ndani ya ndoo ya siki na chumvi, kionekane cha miaka ya baharini. Kimeanza kuota kijani. Mimi pia.

Ijumaa, 8 Machi

Nimekiweka. Rafu ya kulia, pahali pa kuonekana, na mchanga kidogo juu. Pweza ndiye shahidi.

Jumamosi, 9 Machi

Naandika kabla sijabadili nguo.

Bahari ilikuwa shwari. Mama alikaa wima botini na leso zake, miwani ya kuzamia usoni. Jeremy akamwuliza kama ana hofu. Akamjibu ameishi na mpishi wa meli, hofu ya nini tena.

Tukashuka, kamba kati yetu. Meli ilipotokea — imelala ubavu, samaki wa manjano wanatoka madirishani — Mama hakunipa gumba. Aliweka kiganja kwenye chuma, kama anavyoguswa mgonjwa kupimwa homa.

Jikoni nikamulika rafu ya kulia. Akakiona. Akakichukua, akakigeuza, akachungulia kitako chake. Akakirudisha, kama mtu arudishaye nyanya mbovu sokoni. Kisha akageukia kushoto.

Kushoto sikuwa nimepekua. Mzee Jamaldin alifanya kazi kwa mkono wa kushoto! Nimemwona akikata vitunguu mara ngapi, na haikunijia.

Mama akaachia kamba. Akapiga magoti nyuma ya jiko, leso ikipepea, akafukua kwa mikono miwili. Tope likatifuka, nikawa kipofu. Lilipotulia alikuwa amekaa chini, amekumbatia kinu. Kidogo kuliko chetu, mdomo umemeguka upande mmoja. Mabega yanatikisika. Chini ya maji huwezi kujua mtu analia au anacheka, mapovu ni yale yale.

Nikaonyesha gumba, tupande. Akatikisa kichwa, akaelekeza kidole kwenye rafu. Na kile pia.

Botini akavua miwani. Vinu viwili mbele yake. Kile kidogo akakibusu.

"Nisamehe, Jamaldin," akasema, wala hakujali kwamba Jeremy anasikia.

Nikamshukuru Mungu, yamekwisha. Kisha akakigonga kile cha pili kwa ukucha.

"Na hichi cha nani?"

Jeremy, asiyejua kitu, akasema labda ni cha meli.

"Meli ingekuwa na kinu, angechukua changu kwa nini?" Mama akasema. "Kinu ni cha mwanamke. Ni nani huyo alompa mume wangu kinu?"

Nikatazama bahari.

Jumapili, 10 Machi

Batuli anasema nimwambie mimi, kwa sababu ndimi niliyekiweka. Mimi nasema amwambie yeye, kwa sababu ndiye aliyekinunua. Tumeshinda hivyo.

Wakati tunashindana, Mama kamwita Mzee Zein, baharia wa Fathilkheri, ndiye pekee aliye hai mpaka leo. Kamtilia kahawa, kamwuliza kuhusu mwanamke wa Unguja. Mzee Zein hapendi kumvunja moyo mwenyeji. Kwanza hakukumbuka. Kikombe cha pili akakumbuka kidogo. Cha tatu, akakumbuka mtaa anaokaa, na kwamba alikuwa mrefu, na siku aliyokileta kinu melini.

Jumatatu, 11 Machi

Mama yuko sebuleni kwetu na baibui lake. Nilitarajia ghadhabu. Hana. Amesema amemdhulumu mumewe miaka yote hiyo kwa kinu kimoja, hataki kumdhulumu mwenziwe kwa cha pili. Atakirudisha Unguja kwa mkono wake. Alhamisi, kwa meli, na mimi nimsindikize.

"Mwengine angekitupa chini ya maji nisikione," akanambia. "Wewe hukunificha kitu."

Batuli yuko jikoni anaosha vikombe vilivyokwisha kuoshwa. Mimi niko chumbani. Nimesema natafuta pasi yangu ya kusafiria. Iko hapa, juu ya kitanda.

Ananiita tena. Leo haniiti mkwe. Ananiita mwanangu.