Meza ya Mlango wa Kanisani

Jumapili, 31 Mei 2020

Kesho tunafunguliwa. Hata sisi wazee — mwisho saa tatu asubuhi, kama kuku wanaotolewa wadonoe kidogo kisha warudishwe bandani. Lakini kutoka ni kutoka.

Tangu korona itufungie ndani mwezi Machi, kibali cha kutoka cha nyumba hii kinaning'inia shingoni mwa Rodel, mkwe wangu. Nyumba moja, kibali kimoja, mtu mmoja. Amekivaa kama medali. Nikimtuma nazi analeta dafu. Nikimtuma majani ya mgomba analeta yaliyochanika. "Mama, majani ni majani." Majani ya namna hiyo ndiyo nimeishi nayo miezi hii yote.

Mchele nimesaga. Majani nimeyapitisha motoni mwenyewe yakalainika. Jiko la udongo nimelifuta vumbi. Makaa chini, makaa juu, bibingka katikati inaumuka — mji mzima wa San Roque hakuna anayenifikia kwa mkate huo wa mchele, na sijisifu bure.

Meza yangu ya mlangoni mwa soko, inayotazama kanisa, ipo. Walipopunguza meza sokoni ili watu wasibanane, kila mwenye meza aliitwa aende mwenyewe kuitikia. Mimi, nimevuka sitini, marufuku kutoka! Nikamwomba Basyon aniitikie. Basyon ni kumare wangu, Mare tukiitana: yeye ndiye aliyemsimamia binti yangu Analyn ubatizo, na tangu siku ile tumekuwa zaidi ya ndugu. Alituma neno kwa Rodel: mambo tayari, Mare asiwe na wasiwasi.

Nilale. Silali.

Jumatatu, 1 Juni

Nina hasira mpaka kalamu inatoboa karatasi.

Nilitoka kukiwa bado na ukungu. Nilivaa gauni langu la sikukuu, mjinga mimi. Barabara ile ile, mbwa wale wale, wamenenepa. Watu siwatambui, barakoa zimewala nyuso. Mtu alinisalimia kwa nyusi, nikamjibu kwa nyusi, mpaka sasa sijui nani. Kwenye lango la soko mgambo alinielekezea kipima joto kwenye paji la uso kama bastola. Akasema niko baridi. Nikamwambia asubiri kidogo, nikiwasha jiko langu nitapata moto.

Chini wamechora maduara meupe. Unasimama ndani ya duara mpaka wa mbele yako amalize. Sawa. Nilisimama, nimebeba ndoo ya unga uliokorogwa, Rodel nyuma yangu na jiko. Nikainua macho kuitazama meza yangu.

Samaki wakavu! Meza yangu nzima, samaki wakavu. Na nyuma yao Basyon.

Meza yake ilikuwa mwisho kabisa wa soko, kando ya mfereji, mahali palipomstahili samaki mkavu kwa harufu yake. Sasa yuko mlangoni, anatazama kanisa, upepo unamchukulia harufu mpaka kwa Mtakatifu Roque mwenyewe.

Nikamuuliza, "Mare, unanishikia nafasi?" Nilitaka aseme ndiyo. Mungu wangu, nilivyotaka aseme ndiyo.

Akashusha macho. "Mare, meza za mferejini wamezifuta zote. Sikujua mpaka siku ile ile. Walipofika hapa wakauliza, hii ya nani? Nikafungua mdomo nikuitikie wewe. Likatoka neno 'yangu'."

"Likatoka lenyewe?"

"Likatoka, Mare."

"Na ujumbe uliompa Rodel?"

Akapanga samaki waliokwisha kupangika.

Nikamwendea msimamizi wa soko, Ireneo, ambaye amekula bibingka zangu tangu hana ndevu. Alikuwa nyuma ya kioo cha plastiki, akaniita mama kama kawaida yake. "Nanay, aliyekuwepo ndiye aliyepewa. Utaratibu."

"Mlinifungia ndani nisiwepo."

"Hapo ndipo utaratibu ulipotubana sote, Nanay."

Sote! Yeye kabanwa wapi? Kiti chake kipo pale pale.

Sikupiga kelele. Kumare hagombani na kumare. Maji ya ubatizo yako kati yetu, na kila mtu hapa anajua laana inayowapata wanaoyachafua. Kwa hiyo nilimeza. Nilirudi na ndoo yangu kabla hata jua halijapanda. Hiyo ndiyo siku yangu ya kwanza nje.

Unga umechacha. Nimempa nguruwe wa jirani.

Jumanne, 2 Juni

Sikutoka. Rodel ananishauri niuze bibingka kwa Fesibuku. Nimemwambia bibingka inauzwa kwa pua: mtu anatoka misa, anainusa, miguu inageuka yenyewe. Fesibuku ina pua? Akaenda nje kuosha pikipiki iliyokuwa safi.

Analyn anasema nimsamehe mama yake wa ubatizo. "Ninang ana njaa kama sisi, mama."

Najua ana njaa. Angeniambia ana njaa! Angekuja hapo dirishani aseme, Mare, wamenifutia meza, nimeichukua yako, nitukane. Ningemtukana siku nzima, jioni tungekula wote. Lakini aliniambia nilale usingizi. Nilisaga mchele kwa uongo wake. Hicho ndicho kinachonikaba, si meza peke yake. Na meza pia!

Jumatano, 3 Juni

Leo nimepata nafuu.

Kila muuzaji wa mji huu anajua: mnunuzi wa kwanza haondoki mikono mitupu. Hata akitaja bei ya matusi unamkubalia, unaipokea noti, unaipigapiga juu ya bidhaa zako kuita nyingine. Akiuliza bei akaondoka bila kununua, siku imekufa. Ndiyo maana muungwana hagusi kitu alfajiri kama hana nia.

Mimi leo sikuwa muungwana.

Lango lilipofunguliwa nilikuwa kwenye duara la kwanza. Basyon aliniona akatabasamu, nikaona mashavu yakiinuka juu ya barakoa. Alidhani nimekuja kupatana.

"Hawa bei gani, Mare?"

Akataja. Chini ya bei, kwa ajili yangu.

"Na hawa wadogo?"

Akataja.

Nikamshika mmoja mkia, nikamgeuza, nikamrudisha. "Hapana. Asante."

Nikaondoka. Sikugeuka, lakini nilisikia minong'ono ikinifuata nyuma.

Kutukana sikumtukana. Kugombana sikugombana. Maji ya ubatizo hayajaguswa.

Alhamisi, 4 Juni

Tena. Leo alijiandaa: alimpanga binamu yake awe mnunuzi wa kwanza. Lakini mimi niliwahi duara, na duara ni sheria! Binamu alijaribu kunipita, mgambo akamrudisha kwa filimbi. "Mita moja, mama, mita moja." Miezi hii yote serikali haijawahi kunifaa, leo imenifaa.

Niliuliza bei ya kila aina. Mmoja mmoja, taratibu, kama mtu anayesoma majina ya marehemu kanisani. Basyon alijibu zote. Sauti ikawa inapungua. Mwisho nikasema, "Hapana. Asante." Hakunitazama.

Aling Pacing wa mboga, ambaye huwezi kumzuia kuleta habari hata kwa karantini, alipita dirishani jioni. Anasema watu wamezishika hizo asubuhi zangu mbili, hawataki kununua penye mkosi. Wanazunguka mpaka meza nyingine. Basyon alifunga samaki wake kama walivyokuja. Aling Pacing aliniambia huku akinikagua macho, aone nitafanyaje.

Nilifurahi. Naandika nilifurahi, maana ni kweli. Chakula cha jioni hakikushuka, lakini nilifurahi.

Analyn aliondoa sahani kabla hatujamaliza. Aliosha vyombo kwa kishindo.

Ijumaa, 5 Juni

Naandika nimekaa kwenye ngazi za kanisa, daftari juu ya goti.

Nilifika mapema kuliko jana. Duara la kwanza lilikuwa na mtu. Mwanamke, amefunga kitambaa kichwani, kikapu mkononi. Nikajisemea huyu namtoa kwa maneno tu. Nikasogea. Kitambaa nikakijua — changu.

Analyn. Mwanangu mwenyewe wa kumzaa!

"Toka hapo," nikamwambia.

"Niko kwenye duara langu, mama. Mita moja."

"Analyn, alituibia meza."

"Alikuibia. Na wewe unamwibia siku zake. Aibu naibeba mimi huko njiani, nyote wawili ni mama zangu." Hakugeuka kuniangalia. Yeye hawezi kugombana, tangu utotoni ni wa kulia.

Lango likafunguliwa. Analyn akasogea, akachukua fungu la samaki, hakuuliza bei. Akatoa noti. Basyon akaipokea kwa mikono miwili, akaipigapiga juu ya samaki, safu hii, safu ile, mpaka pembeni kabisa. Alikuwa analia ndani ya barakoa, kitambaa kililowa. Siku yake ikawa imefunguliwa, na aliyeifungua ni damu yangu.

"Anayefuata," mgambo akasema.

Anayefuata ni mimi. Sina tena cha kumfanya. Mnunuzi wa pili ni mnunuzi tu.

Basyon akafuta macho kwa kiwiko. "Mare," akasema, "unataka nini?"

Si kwa ubaya. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua. Tangu Jumatatu hakuna aliyeniuliza hivyo, si Ireneo, si Rodel, hata Analyn. Na mimi niliyekuwa na maneno ya kujaza soko, nikamjibu moyoni tu. Nataka meza yangu. Nataka uje dirishani kwangu ile siku ya kwanza uniambie ukweli. Hilo la pili haliuzwi popote. Watu nyuma wakaanza kukohoa, na siku hizi mtu akikohoa kila mmoja anaruka. Nikatoka kwenye mstari. Nikaja kukaa hapa.

Kutoka hapa meza naiona yote. Watu wananunua. Analyn ameondoka, hakupita huku.

Kengele ya saa tatu imelia. Wazee ndani. Lakini sijainuka, maana Basyon anafanya kitu. Amevuta samaki wote upande mmoja, amewalundika juu ya wenzao, na hiyo nusu ya pili anaifuta kwa maji. Anafuta, ananusa kitambaa, anafuta tena. Labda anakwepa jua. Utaratibu ni mtu mmoja meza moja, Ireneo atamfukuza. Na bibingka kando ya samaki mkavu! Nani atakula?

Bado anafuta. Haangalii huku. Nina uhakika anajua nipo hapa.

Mgambo ameniona. Anapanda ngazi na filimbi yake mdomoni.

Acha aje. Mimi nashuka kumwuliza Basyon hiyo nusu ni ya nani.