Picha ya Kifua cha Koku

Manzese, Dar es Salaam
14 Septemba 2024

Mpendwa wifi yangu Auleria,

Shikamoo. Habari za Muleba? Na miguu yako, imepungua uvimbe? Shemeji Brightson na kikohozi chake je? Sie huku tunapumua tu. Nikisema wazima nitakuwa nakudanganya. Tangu tumlaze Koku wetu kaburini huko kibanjani, kwenye migomba yenu, mwezi wa tano, bado nikisikia watoto wa shule wanarudi natoka mlangoni.

Wifi, kaka yako kaniumiza, wacha nikueleze mie kabla hajakupigia kujitetea.

Unajua kazi yake ya mabango. Stensili zake, zile herufi za kutoboa anazopitishia rangi, anazikata kwenye filamu za eksirei, maana karatasi ikilowa rangi mara mbili imekwisha, ila filamu unaifuta na petroli inarudi kazini. Watu humletea picha zao za zamani, anazirundika kwenye kiroba. Sasa juzi nampelekea chakula karakana, nakuta stensili mpya, USIKOJOE HAPA, ya ukuta wa baa. Nikaiinua juani nione ni mifupa ya nani. Pembeni pameandikwa Kokushubila Adelard, miaka saba.

Mungu wangu! Ile ile picha ya kifua tuliyopewa hospitali, niliyoificha nyuma ya kabati! Kumbe alibeba filamu zote za nyumbani pamoja na zile za mguu wake alipoanguka na bodaboda, bila hata kuangalia. Nilipiga yowe mafundi wa jirani wakaja mbio. Kaka yako akakaa chini kwenye vumbi, akalia kwa sauti. Sikumbembeleza, nakwambia kweli. Nilimwambia alale huko huko, na akalala.

Aliporudi alikuwa kavitafuta vipande vya herufi chini ya meza, kavirudishia na solotepu. Akaibandika filamu kwenye kioo cha dirisha, akaweka karatasi juu yake, akaanza kufuatisha mbavu za mwanangu kwa penseli. Hatukusemeshana, ila karatasi nilimshikia. Karatasi hiyo ndiyo aliyoikata ikawa stensili ya mbavu, picha yenyewe hatujaigusa tena.

Basi sasa tunatengeneza picha ya ukutani. Kwenye plaiwudi tumebandika kurasa za madaftari yake na kanga niliyombebea. Juu tukaweka stensili: mbavu za upande mmoja tumepiga rangi nyeupe kwa sponji, za upande wa pili tumepitisha gundi na kunyunyizia mchanga, ukipapasa unazihisi. Hata vile vipande vya mbavu vilivyotoka kwenye karatasi tumevilaza, tukapuliza bluu pembeni yake, ukiviondoa mbavu zinabaki wazi. Mie nisiyejua kushika brashi! Napaka nalia, naye analia, machozi yakikauka tunaendelea.

Pale penye moyo tumepaacha patupu. Wifi, lile sweta jekundu alilosahau kwako likizo ya Desemba, Adelard anasema umelitundika chumbani. Nakuomba ulitume kwa basi. Najua nawe ndilo ulilobaki nalo. Ukikataa nitalia, lakini sitakununia.

Nisalimie mama mkwe, Brightson na mdogo wenu Adelina. Mungu awafunike nyote. Ukienda kumng'olea Koku majani, mwambie baba na mama yake wanaongea tena.

Ni mie wifi yako nikupendaye kweli,
Monica

Sweta usilifue, wifi. Tafadhali, usilifue.