Mshipa Uliozaliwa kwa Baba Mwingine

Aabo,

Assalamu alaykum. Allah alipanue kaburi lako na alijaze nuru. Leo siandiki kwa kulia. Nimekuja kujigamba, na wewe, baba yangu, ndiye uliyekuwa ukifurahia majigambo yangu kuliko mtu yeyote.

Kwanza habari za nyumbani. Hooyo, mkeo, amehama Balambala, yuko nami hapa Garissa, na kila asubuhi analalamika kwamba maziwa ya ngamia ya mjini yametiwa maji. Mkeka wako ameutandika chumbani kwake, hataki mtu aukalie. Yule ngamia wako mkorofi amezaa, na ukorofi umezidi. Mimi sasa ni daktari wa kusoma picha za ndani ya mwili hospitalini. Ulikufa kabla hujaniona na koti jeupe, Aabo. Hilo linaniuma. Linaniuma sana.

Unakumbuka nilivyoshindwa kukariri mishipa inayopeleka damu kwenye ubongo? Nilikuja likizo na kitabu, nikakaa nacho mlangoni karibu nilie. Ukanicheka. Ukasema mtoto aliyewataja mababu zake wote kabla hajajua kufunga viatu hawezi kushindwa na mishipa. "Haya, aabo," uliniambia, maana baba zetu huwaita watoto wao kwa neno lilelile wanaloitwa wao, baba, "huyu mshipa baba yake nani?"

Basi nikaitaja kama ukoo. Moyo ukazaa mshipa mkuu. Mshipa mkuu ukazaa watatu: shina la kulia, mshipa wa shingo wa kushoto, na wa mkono wa kushoto. Nikakuambia wapo watu ambao huo wa shingo wa kushoto haukuzaliwa na mshipa mkuu, umezaliwa na shina la kulia, na wanaishi na afya zao bila kujua. Hapo uliacha kucheka. "Basi usimpe mtu ukoo kwa kukisia," ulisema. "Muulize kwanza."

Wiki iliyopita aliletwa mama mmoja kutoka Habaswein, tezi ya shingo imevimba hadi inamziba pumzi. Daktari wa upasuaji alitaka kumtoboa tundu chini kabisa ya shingo ili apumue. Picha ilipofika kwangu, watu walinisimamia mgongoni wakitaka neno moja tu: sawa. Nilikataa kuharakishwa. Nilianzia kwenye moyo, nikauliza kila mshipa baba yake.

Mshipa mkuu ulikuwa na watoto wawili tu, Aabo! Wa shingo wa kushoto ulitoka kwenye shina la kulia, ukakatiza mbele ya bomba la pumzi kwenda upande wake, palepale kisu kilipokuwa kinaelekea. "Msikate hapo!" nilipiga kelele, mimi ambaye hooyo hunilaumu kwamba naongea kwa kunong'ona. Daktari akaja, akatazama, kisha akasogeza juu alama yake ya kukatia. Yule mama akapumua. Siku chache baadaye tezi ikaondolewa, na leo ameonja chai ya hospitali akaisukuma kando kwa dharau. Nilitamani kucheza!

Mwanawe, mchungaji wa ngamia, alikuwa amekaa nje siku zote hizo na ndugu zake wakimshauri amrudishe mama akafie nyumbani. "Daktari, mama atabona?" aliniuliza. Nikamwambia ameshapona. Akajifunika uso kwa kikoi, akalia. Alipomaliza akauliza kile ambacho watu wetu lazima wakiulize: "Walahi, wewe binti ya nani?"

Nikasimama wima katikati ya korido. Nasteho wa Sahal, wa Guhad, wa Warsame... Sikukoma, Aabo. Niliwataja wote, sauti ikifika getini, wauguzi wakicheka, na yule kijana akiitikia kila jina kwa kichwa.

Pumzika sasa. Nakuahidi sitampa mtu yeyote ukoo kwa kukisia. Kila picha nitaianzia kwenye moyo. Na kila atakayeniuliza mimi ni wa nani, nitaanza na jina lako.

Binti yako,
Nasteho