Mhojiwa Namba Saba Ni Mimi

Mwajuma, huna adabu. Naanza na hilo ili usije ukasoma mpaka katikati ukidhani leo bibi yako anasimulia habari za mpunga. Umenisemea maneno ambayo sikuyasema, ukayaandika kwa kalamu, na ulikuwa unakwenda kuyapeleka chuoni.

Leo ni Jumanne. Manyunyu tangu alfajiri. Jua lilichungulia mara moja likarudi ndani, na mimi sikulilaumu.

Ukurasa huu wa mtandaoni alinifungulia Mwajuma mwenyewe kwenye simu likizo iliyopita, akanifundisha kuandika kwa kidole kimoja, na kila nikiandika yeye ndiye wa kwanza kusoma. Basi na hili asome. Nyie wengine mnaopita humu, kaeni tu, si siri.

Mwajuma ni mjukuu wangu, binti wa mwanangu mkubwa. Yuko mwaka wa tatu, anasomea shahada ya sayansi ya siasa kwenye chuo kidogo ambacho darasa lao zima linaenea benchi tatu. Nimechekwa sana kwa hilo. Jirani yangu Bi Zaituni aliwahi kuniambia kisimani, "Wenzio wajukuu zao wanasomea uuguzi, wako anasomea kugombana." Nikamwambia, "Bora wangu anasomea. Wako anagombana bila cheti." Akajitwisha ndoo yake akaondoka.

Nilikuwa najivuna naye. Bado najivuna, ndiyo maana naumia.

Ana wiki ya tatu hapa nyumbani kwa ajili ya utafiti wake wa mwisho. Anataka kujua kwa nini wanawake wa huku hawaendi kwenye mikutano ya kijiji. Amekuja na karatasi za maswali, wenyewe wanaziita dodoso, kila mtu anajaziwa yake. Jumatatu ijayo anatakiwa afike chuoni na ripoti iliyokamilika. Bila hiyo hamalizi mwaka huu.

Asubuhi alikwenda Bungu mjini kuchapisha hiyo ripoti. Nyuma huku paa likavuja juu ya begi lake. Nikazitoa zile karatasi, nikazitandaza kwenye mkeka chumbani, kila moja nikaiwekea korosho mbili juu isipeperuke. Sikukusudia kusoma. Lakini mimi tangu nilipotoka kisomo cha watu wazima siwezi kuona maandishi nikayapita.

Mhojiwa namba 7. Mwanamke. Miaka 68. Mjane. Mkulima wa mpunga. Elimu: hana.

Kwenye kitongoji hiki mjane wa umri huo anayelima mpunga ni mmoja tu.

Nikaendelea. Anahudhuria mikutano ya kijiji: hapana. Sababu: uelewa mdogo na kazi za nyumbani.

Hakuna mtu aliyeniuliza.

Nikapitia zote, ya kwanza mpaka ya mwisho. Mwandiko mmoja, wino mmoja, majibu yamefanana kama sare za shule. Kijiji kizima kilikuwa kimelala pale mkekani kwangu, na hakuna hata mmoja aliyefungua mdomo.

Sasa niseme kwa nini siendi mikutanoni, maana ni jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu. Kuna mwaka tuliitwa kwenye mkutano kuhusu kipande cha bonde, pale wanawake tunapolima maji yakishashuka. Kilitakiwa kitolewe kwa mradi wa mtu. Nilisimama. Nikasema hapana, na wanawake watatu nyuma yangu wakasema hapana. Mwenyekiti wa wakati ule akasema, "Tumekusikia mama, kaa." Nikakaa. Baada ya siku chache muhtasari ukabandikwa kwenye mlango wa ofisi. Niliusoma kwa kidole, neno moja moja, nikarudia. "Wananchi wote waliridhia."

Sikurudi tena kwenye mikutano yao. Huo ndio uelewa wangu mdogo.

Na leo damu yangu mwenyewe imenifanyia vilevile.

Siku zote namwita mke mwenzangu, ndio utani wetu wa bibi na mjukuu. Aliporudi kutoka Bungu nilimwita Mwajuma binti Salumu. Akasimama mlangoni na viatu mkononi, akaziona karatasi mkekani.

"Bibi, ni mambo ya chuo tu," akasema. "Mwalimu mwenyewe hasomi moja moja."

"Mimi nimesoma moja moja."

Akakaa chini. Akaanza kulia, nikamwacha alie. Kisha akasema maneno ambayo nimekaa nayo mchana kutwa. "Nilizunguka wiki nzima, bibi. Kila mlango, 'Mimi sijui mwanangu, muulize mwenyekiti.' Na wewe ndiye uliyewaambia wasinijibu. Bi Zaituni kaniambia."

Ni kweli.

Niliwaambia siku ya maulidi, tukiwa jikoni tunachambua mchele. Nikasema, akija na karatasi zake mwambieni hamjui kitu. Sikumfanyia ubaya. Niliogopa. Hapa kwetu kuna miaka watu waliuawa usiku, tukawa tunaingia ndani jua halijazama, na ukiulizwa lolote, na yeyote, jibu lilikuwa sijui. Miaka ile imepita lakini mdomo bado umezoea. Nikamwona mtoto anatembea na karatasi yenye maswali ya viongozi, anaandika umri wa watu na kazi zao. Nikasema heri arudi chuoni mikono mitupu kuliko kujulikana kijiji kizima kwamba ndiye anayeandika watu.

Hakurudi mikono mitupu. Mimi nilifunga milango, yeye akaandika waliokuwa ndani. Nani kamkosea mwenzake zaidi? Nimejiuliza hilo nikisuka ukili wa mkeka, nimefumua mara tatu.

Nimejisikia vibaya, na mimi si mtu wa kujisikia vibaya mara kwa mara.

Lakini kosa langu halifuti lako, Mwajuma. Mimi niliwanyamazisha watu, wewe ukawasemesha uongo. Wewe ndiye uliyekwenda kusomea namna watu wanavyotawaliwa. Ukianza hivi kwenye benchi, siku ukipewa ofisi utabandika nini mlangoni?

Sasa sikiliza. Ile ripoti uliyochapisha Bungu usiipeleke. Mpigie mwalimu wako umwambie ukweli wote, usipunguze. Akikuongezea siku, shukuru. Asipokuongezea, utarudia mwaka, na mimi nitakuwa hapa nakusubiri, Mungu akipenda. Bi Zaituni acha acheke.

Chukua daftari, nakili maswali yako upya. Kesho tukishakunywa chai tunatoka nyumba kwa nyumba. Mlangoni nitatangulia mimi. Nitawaambia wanawake wenzangu kwamba niliwaelekeza vibaya, kwamba anayetaka kusema aseme na jina lake halitaandikwa. Atakayekataa, andika kuwa amekataa. Hilo nalo ni jibu, usilijaze.

Pale penye elimu uandike kisomo cha watu wazima. Cheti kipo sandukuni, nitakuonesha.

Na kabla hatujatoka, njoo ukae hapa mkekani, mke mwenzangu. Fungua ukurasa wa namba saba, niulize swali la kwanza, kisha unyamaze mpaka nimalize.