Vinundu Kwenye Shingo ya Ng'ombe

Bulla Iftin,
Garissa.
9 Novemba 1998

Mpendwa Binamu Barre,

Asalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na Shamso na mtoto. Kikohozi cha Liban kimekwisha? Nasikia baridi ya Glasgow huingia hata ndani ya nyumba. Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi. Baba yuko vizuri isipokuwa lile goti, ambalo sasa humzuia kusujudu sawasawa.

Naandika Kiswahili kama kawaida, maana ulilelewa Mombasa na Kisomali chako ni cha salamu tu. Usikasirike, ni kweli.

Kwanza habari ya ami yetu, adeer Yarow, kwa sababu najua ilikufikia nusu. Mvua kubwa za mwaka jana zilituletea mbu na inzi wa kuuma ambao hatujawahi kuwaona kwa wingi ule. Mwezi wa nne, kule Sangailu, shangazi, eeddo Kaltun, alimwambia adeer kwamba ng'ombe mmoja ana vinundu shingoni, ni mapele ngozi, atengwe. Adeer akaangalia, hakuona kitu. Akaenda dukani lilikobandikwa bango la ugonjwa huo, akaona mchoro wa ng'ombe mwenye madoa meusi ya duara. Ng'ombe wake hakuwa na doa hata moja. Akasema ni kupe, akamwacha kundini.

Kufikia mwezi wa sita walikufa kumi na mmoja. Waliobaki wengi walikatika maziwa, na wenye mimba wakazitupa.

Hilo lingesameheka. Lililotuumiza ni kwamba adeer alisema mbele ya watu, kisimani, kuwa aliyeuona ugonjwa kabla haujaonekana ndiye aliyeuleta kwa jicho lake. Shangazi yetu ni mjane, Barre, na maneno ya jicho hayafutiki haraka. Wanawake wakaanza kuficha watoto wao akipita. Alifunga nguo zake kwenye shuka moja akaja kwetu Garissa. Hakulia wala hakueleza. Baba ndiye aliyetuambia.

Sasa nije kwenye kazi, ambayo uliniuliza kwa faksi na sikujibu vizuri. Mradi wa mifugo ninakofanya kazi uliamua kutengeneza kanda ya video ya kufundisha dalili za ugonjwa huu, kwa kuwa mabango hayakusaidia. Bwana Mutinda, mkuu wetu, alinipa mimi kazi hiyo kwa sababu ndimi pekee ofisini ninayeielewa ile programu ya kompyuta ya kuunda maumbo uliyotutumia. Mwili wa ng'ombe niliumaliza kwa wiki mbili. Kilichobaki kikawa ngozi.

Ulinishauri nisivifinyange vinundu, niuvike mwili picha tu. Nilikutii. Nilipiga picha ngozi ya ng'ombe mgonjwa, nikaiingiza kwenye kompyuta na kuizungushia umbo kama kitambaa. Ilipendeza. Mashine haikuelemewa, na Bwana Mutinda akasema tumemaliza.

Eeddo alikuwa ameniletea chakula cha mchana siku hiyo. Alisimama nyuma yangu, akatazama ng'ombe akizunguka kwenye skrini, kisha akasema, "Huyu haumwi. Huyu amepakwa rangi."

Nilimwuliza anajuaje. Akaeleza bila haraka kwamba yeye hukagua ng'ombe asubuhi wanapotoka zizini, akisimama mahali ambapo jua la chini linapita ubavuni mwao. Kinundu kichanga hakina rangi, alisema. Kina kivuli kidogo upande mmoja, na manyoya yaliyo juu yake husimama. Jua likipanda, hutaona kitu. Adeer Yarow aliangalia saa sita mchana.

Nikarudi kwenye kompyuta, nikaushusha mwanga hadi ubavuni. Vivuli havikusogea. Vilikuwa vimeganda palepale vilipokuwa saa niliyopiga picha. Nilijua hapo kwamba nilikuwa nimetengeneza bango jingine, ila hili linazunguka.

Nikajaribu ile njia yako ya tatu, ya picha ya kijivu inayoidanganya programu kwamba palipo peupe pameinuka. Kwenye ubavu ilifaa sana, vivuli vikafuata mwanga. Lakini ng'ombe alipogeuza shingo, ukingo wake ulikuwa laini kama mtungi wa plastiki. Eeddo alipitisha kidole kwenye ukingo huo, juu ya skrini. "Hapa ndipo mimi huanza kutazama," alisema.

Basi ikabidi kufinyanga. Nilipoinua vinundu arobaini, vile vipande vidogo vinavyoliunda umbo vilipanda kutoka elfu tatu hadi elfu sitini, na picha moja ikawa inachukua dakika ishirini na tano. Kanda yetu ilipangwa iwe ya dakika nne, na kila sekunde inataka picha ishirini na tano. Piga hesabu mwenyewe. Mimi nilipiga, nikaacha.

Bwana Mutinda si mtu mbaya. Aliniambia gari linaondoka tarehe kumi na mbili Oktoba, kabla mvua haijafunga njia, na kwamba watu wa vijijini hawatapima vivuli. Alitaka tupeleke ile ya picha. Nilikaribia kukubali. Mkataba wangu unaisha Desemba, na yeye ndiye anayeusaini.

Nikamwambia, "Waliolitazama lile bango ni baba zetu, na walilitii." Nikamwomba sekunde kumi na mbili tu. Vinundu vya kufinyanga viwe shingoni na begani pekee. Ubavuni nitumie ile njia ya kijivu, na miguu na tumbo vivikwe picha. Dakika zilizobaki tuzijaze kwa picha za kawaida na sauti yangu. Alifikiri, akasema sawa, lakini ile ya kwanza iwekwe tayari, na nikichelewa siku moja ndiyo itakayokwenda.

Ilichukua siku saba. Umeme ulikatika mara mbili na nikapoteza kazi ya siku nzima. Nilimaliza tarehe tisa, kanda ikaenda Nairobi kunakiliwa na kurudi kwa basi siku mbili baadaye.

Sangailu tuliionyesha ndani ya darasa, madirisha yamezibwa kwa magunia, jenereta ikinguruma nje. Eeddo alikataa kuja. Adeer alikaa mstari wa mbele na fimbo yake, hakunisalimia ila kwa kichwa. Zile sekunde zilipofika, ng'ombe alisimama kwenye mwanga wa juu, ngozi safi. Mwanga ukateremka. Shingo ikajaa vinundu. Hakuna kingine kilichobadilika.

Adeer akaomba irudishwe. Ikarudishwa mara tatu. Kisha akasimama, akageukia watu, na akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Vilikuwepo. Kaltun aliviona kwa sababu anajua kutazama. Nililosema kisimani ni uongo wangu."

Mimi nilishughulika na nyaya, kwa sababu sikujua niangalie wapi.

Adeer alipanda gari letu kurudi Garissa. Eeddo alimwacha barazani mpaka baada ya swala ya alasiri, akampelekea chai, akakaa mbali. Adeer alisema alichokuja kusema. Eeddo akauliza kama amekisema Sangailu pia. Nikajibu mimi kwamba nilisikia. Ndipo akaanza kuuliza ng'ombe mmoja mmoja kwa jina, nani yupo na nani hayupo, na adeer akawa anajibu kama mtoto anayesomeshwa. Alipofika kwa yule mwekundu mwenye pembe moja, adeer alisema yupo, ana ndama. Eeddo akasema, "Ndama huyo nani anamkagua asubuhi?"

Eeddo aliondoka kurudi Sangailu Alhamisi iliyofuata.

Kuhusu mkataba wangu, bado sijui. Bwana Mutinda ameagiza nakala sita za kanda lakini hajasema lolote kuhusu Januari. Ukipata kitabu chochote kinachofundisha kupunguza vipande bila kuharibu ukingo, nitumie. Ushauri wako ulikuwa mzuri, Barre, kwa mtu asiyehitaji kuangalia pembeni.

Nisalimie Shamso sana, na umbusu Liban kwa niaba yangu. Baba anakusalimu, na Alio wa jirani bado anauliza utarudi lini. Mwenyezi Mungu awatunze huko mliko, awape riziki ya halali na afya, na atukutanishe tukiwa na macho ya kuonana.

Ni mimi binamu yako ninayekupenda na kukukumbuka,
Ruweyda