Mjomba Aliyezaliwa Baada ya Mama

Jumamosi, Mpanda

Hasira zimepoa, sasa nacheka peke yangu. Kanada wanataka cheti cha kuzaliwa cha mama ndipo nimchukue akaishi nami. Mama alizaliwa nyumbani, huko Usukuma, na hakuna aliyeandika popote. Wakili alisema tutafute ndugu aliyemzidi umri, aape kwamba anakumbuka alipozaliwa. Amebaki mmoja tu, kaka yake wa Kabungu. Bila yeye, safari ya mama imekufa.

Leo mimi na mama tulikwenda kwake, nikashika kitambulisho chake. Nikapiga hesabu papo hapo: ni mdogo wa mama kwa miaka kumi na moja!

"Mjomba, ulimwonaje mama akizaliwa na wewe hujazaliwa?"

Akakohoa, akamtupia jicho mke wake mdogo aliyekuwa anapepeta mchele. Nikaelewa. Alijipunguzia miaka wakati wa kumposa. Mimi nimehangaika ughaibuni bila msaada wa mtu, halafu nikwamishwe na ujana wa mzee mwenye mvi?

"Kaka, sema ukweli nikawaone wajukuu!" mama akamaka.

Mjomba akaanza kufukuza kuku.

Mke wake akaweka ungo chini. "Mzee, sema tu. Umri wako tuliujua tangu siku ya kwanza. Unadhani baba yangu alikutoza mahari ya ng'ombe wengi vile kwa nini?"

Tulicheka hadi mama akatoa machozi. Jumatatu mjomba anakwenda kurekebisha kitambulisho, ndipo aape. Wakichelewa huko ofisini, sijui...

Wakati naondoka akanivuta pembeni. "Mwipwa, wewe unajua mahesabu. Hao ng'ombe waliozidi, siwezi kuwadai?"