Dawa ya Ndago

Kiboje, Unguja
Mfunguo Sita, 1956

Kwa kaka yangu Simai, Wete,

Assalamu alaykum. Nakushikia miguu kutoka huku ng'ambo ya maji, nikitumai wewe, shemeji na watoto mmelala salama na mmeamka salama. Ukitaka kujua hali yangu, nakula, nalala, naamka. Zaidi ya hapo sina la kujisifia.

Uliniuliza habari za kazi. Ningali kwa bwana shamba, kwenye shamba la majaribio ya soya. Soya zenyewe, kaka, ni ajabu: ukizitia jikoni asubuhi, adhuhuri bado zinagonga meno. Lakini wakubwa wanazitaka, nasi tunazilima. Adui yake ni lile gugu la ndago. Unaijua wewe, marehemu baba alikuwa akisema anayeikata ndago kwa jembe anaizalisha. Hayo majani ya juu si kitu, mali yake iko chini, vile vijitunguu vyeusi vilivyoshikana kwa nyuzi. Basi bwana shamba akaleta dawa, nami nikavishwa bomba mgongoni. Siku hizi hapa Kiboje naitwa Mcha Dawa, na watoto hunikimbia kwa harufu.

Dawa ziko mbili. Ya kwanza hupulizwa kabla ya kupanda. Ndago hunyauka siku chache, kisha ikaamka kama mtu aliyelala mchana. Ya pili ni kali, nayo ni ya njiani na mipakani, mahali pasipokusudiwa kupandwa kitu. Bwana shamba alitueleza wazi kwamba ardhi ikiinywa hiyo haioteshi chochote, hata misimu miwili ya mvua ipite. Nilimsikia. Nataka ujue kwamba nilimsikia.

Sasa nikwambie la nyumbani. Tangu mke wangu Tabia alipofariki na mtoto tumboni, sikulia. Watu walinisifu kwa subira. Haikuwa subira, kaka. Sikusikia kitu, na mpaka leo nikitia mkono moyoni naona ni kama mguu uliokufa ganzi. Mamake Tabia, Bi Biasha, ndiye aliyelia kwa niaba ya sote. Kila Ijumaa huja na binti yangu Mwanakheir, anayemlea yeye, huinama kaburini akaing'oa ndago kwa vidole, kisha akaumwagia maji mrehani alioupanda kichwani pa mwanawe. Husema jani bichi humsabihi Mola, na maiti hupata nafuu kwalo.

Mwezi uliopita kaburi lilikauka. Ndago ilikufa, na mrehani nao ukafa. Makaburi ya jirani yote mabichi, la Tabia peke yake jeupe kama ua lililofagiliwa. Maneno yakaanza kisimani. Walisema kila maiti na amali yake, na ardhi haisemi uongo. Mamkwe aliyasikia, maana wasemao kwa kunong'ona hupenda wasikike.

Hakugombana na mtu. Alijifunga buibui lake akapita nyumba kwa nyumba, mgongo ule ule aupindao kaburini, kumwombea Tabia radhi. Kila mlango aliuliza iwapo mwanawe aliwahi kumkosea mtu kwa ulimi au kwa jicho, naye asamehewe ili apumzike. Wengine walilia naye. Wengine, Mungu atusitiri, walikumbuka visa.

Mlango wa mwisho ulikuwa wangu. Alikaa chini, akakataa mkeka. Aliniambia kuwa radhi ya mume ni kubwa kuliko zote, na kwamba kama Tabia alinificha kitu, au alinijibu vibaya, nisimwambie ni nini, nimsamehe tu. Mkwe wangu, kaka, mama mzima, ameinamisha kichwa mbele yangu.

Hapo nikamwambia, nami nakwambia wewe. Ni mimi. Alasiri moja nilitoka kazini na dawa ile kali imebaki bombani, nikapita makaburini, nikaona ndago imeota tena. Nilichoka kumwona mamkwe akiing'oa. Wala si huruma. Niliona tu kazi isiyokwisha, na mimi kazi yangu ni kuzimaliza kazi hizo. Mrehani niliufunika kwa kawa ya chakula niliyokuwa nayo, nikidhani utapona. Nikapuliza, nikaenda zangu kuswali.

Aliniuliza mara mbili kama ni dawa tu. Nikamwapia. Basi alisema alhamdulillahi, akasujudu pale pale sakafuni, akalia kwa furaha, akimtaka radhi mwanawe kwa kumdhania mabaya. Alishukuru kuwa ni mimi na si Mungu. Kisha aliondoka akapita tena nyumba zile zile kuwaeleza. Mimi hajanitukana, wala hajanisemesha. Mwanakheir haletwi tena.

Laiti angenitukana. Siku ile niliumia, kaka, mara ya kwanza tangu tumzike Tabia, na maumivu hayo sikuyafukuza. Yamekwisha poa tena. Tabia amepata wa kumwombea radhi kila mlango. Mimi radhi ya Tabia, sijui ni nani atakayekwenda kuniombea.

Nisalimie shemeji, na watoto wote uwabusu kwa niaba yangu. Majirani wanakusalimu. Ukiwa na nafasi baada ya maulidi, njoo.

Mdogo wako,
Mcha